Kuondoa Harufu ya Mafuta Katika Nguo za Kazi

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa dogo, nalo ni harufu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa inayoshika katika nguo za kazi na kukataa kutoka. Tukisema kwamba jambo hili ni la dobi peke yake tutakosea. Lamhusu fundi wa gereji, na kijana auzaye mafuta kituoni, na nahodha wa mashua ya mashine, na mvuvi wa dagaa awashaye karabai usiku, na mwendesha pikipiki, na mwenye kusaga nafaka kwa mashine ya dizeli. Zaidi ya hao wote, lamhusu mtu afuaye nguo zao nyumbani, ambaye mara nyingi hakuchagua kazi ile wala hakufundishwa hatari zake.

Kazi si aibu, wala harufu ya kazi si aibu. Walakini harufu ya mafuta si kama harufu ya jasho. Jasho humkera mtu tu. Lakini nguo inukayo petroli ni nguo ambayo bado ina petroli ndani yake, na petroli haiachi tabia yake kwa sababu imehama kutoka katika pipa na kuingia katika suruali. Ndiyo sababu tumeona yafaa tulieleze jambo hili taratibu, tangu chanzo chake hata mwisho wake.

Kwanza tuwasimulie jambo tuliloliona kwa macho yetu. Zamani tulikaa ua mmoja na fundi wa mashine za mashua, mtu mpole na mchapa kazi. Mkesha wa Idi moja aliitwa pwani kwa haraka, maana mashine ya mashua ilikataa kuwaka na abiria walikuwa wakingoja kuvuka. Alikwenda hali amevaa kanzu yake mpya, akiwaza kwamba hatagusa kitu ila kamba ya kuwashia. Ikawa sivyo. Mpira wa mafuta ulichomoka, na petroli ikamwagikia upindo wa kanzu. Aliporudi nyumbani mkewe aliuchovya upindo ule katika maji, akaukamua, akaikunja kanzu na kuiweka katika tenga, kisha akaendelea na mapishi ya sikukuu. Baada ya saa mbili aliitoa. Harufu ilikuwa pale pale. Basi akafanya kama tulivyozoea watu wa pwani kufanya tunapotaka nguo inukie: akatia makaa katika chetezo, akatia udi na ubani, akaitandaza kanzu juu yake ili ifukizwe.

Haikuchukua muda. Mwako ulipita katika upindo ule kwa mara moja, kama mtu aliyepuliza taa. Mumewe alirukia kwa blanketi zito akauzima, na watoto, kwa rehema ya Mungu, walikuwa nje wakicheza. Lakini mkono wa kulia wa yule mama uliungua, na alama yake haikufutika. Sikukuu ile aliimaliza akiwa amefungwa vitambaa mkononi.

Siku ya pili alikuja kumpa pole mzee mmoja aliyekuwa dobi maisha yake yote. Yule mama akamwambia, "Shikamoo, babu. Mimi niliiosha, nawe waujua usafi wangu." Mzee akamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Uliiosha kwa maji. Mafuta na maji ni mahasimu, nao hawapatani ila kwa msuluhishi, na msuluhishi wao ni sabuni. Tena ulimwita moto kabla mgeni hajaondoka." Mengi tutakayowaambia jioni hii tuliyapata kwa mzee yule, na mengine tumeyaongeza kutoka katika elimu ya wataalamu, ambayo haikumpinga hata kidogo.

Sasa na tutazame mafuta yenyewe. Petroli, mafuta ya taa na dizeli ni ndugu wa tumbo moja, maana zote hutoka katika mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Katika kiwanda mafuta ghafi hupashwa moto, na mivuke yake hutengwa kwa kadiri ya joto. Petroli ndiyo nyepesi. Sehemu zake za kwanza huchemka kwa joto la mwili wa binadamu au chini yake, na za mwisho kwa digrii kama 200. Mafuta ya taa huchemka kwa digrii kati ya 150 na 300 hivi, na dizeli hupita hapo, hata digrii 350. Yafaa tuzishike hesabu hizi, kwa maana ndani yake mna siri yote ya kufua. Petroli huondoka upesi kwa hewa, bali hushika moto upesi mno. Dizeli haishiki moto upesi namna hiyo, bali haiondoki kwa hewa; ukiianika nguo ya dizeli juma zima, utaikuta ingali yanuka. Mafuta ya taa yako katikati ya hao wawili.

Mvuke wa petroli hauonekani kwa macho. Nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini kama moshi wa kuni, bali hutambaa chini sakafuni, ukitafuta pa kwenda, hata ukakutana na jiko lililo mbali na nguo. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika cheche hata katika baridi kali ya digrii 40 chini ya sifuri. Je, itakuwaje katika joto letu la Tanga au Mombasa? Basi mtu asijidanganye kwamba nguo iko kona hii na moto uko kona ile.

Nayo harufu yatoka wapi? Yatoka katika chembe ndogo ndogo ziitwazo haidrokaboni, na hasa zile za ukoo wa benzini na tolueni, pamoja na salfa iliyosalia katika mafuta. Pua ya binadamu huzitambua hata zikiwa chache sana. Lakini pua hiyo hiyo ina udhaifu mmoja: huzoea. Mtu akikaa na harufu kwa muda, pua yake huacha kumwarifu. Ndiyo maana fundi huapa kwamba nguo yake hainuki, na mkewe huapa kwamba yanuka, na wote wawili wasema kweli. Atakaye kujua kama nguo imetakata na amwulize mtu mwingine aliyetoka nje.

Tena harufu hii si kero tu. Petroli huikausha ngozi kwa kuondoa mafuta yake ya asili. Na nguo iliyolowa petroli ikikaa mwilini kwa saa kadhaa yaweza kubabua ngozi kama maji ya moto. Benzini nayo imethibitishwa na wataalamu kuwa husababisha saratani ya damu kwa watu waivutayo kwa wingi na kwa muda mrefu. Hatusemi hivyo kumtisha mtu aliyemwagikiwa mara moja. Twasema ili mtu wa kazi hii asiifanye nguo yake ya kazi kuwa shuka ya kulalia, wala asimpakate mtoto mchanga kabla hajaivua.

Baada ya kuyajua hayo, na tufuate kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuivua nguo mara moja, mahali pasipo moto. Ukiwa umelowa petroli nyingi, usikimbilie jikoni wala usiwashe sigara ya kutuliza moyo. Jimwagie maji kwanza juu ya nguo zenyewe, ndipo uzivue. Maana nguo kavu zikisuguana wakati wa kuvuliwa, hasa zile za poliesta na nailoni, zaweza kutoa cheche ndogo ambazo watu wengi wamezisikia zikilia bila kuzijali. Kisha oga kwa sabuni na maji mengi.

Hatua ya pili ni kuipa nguo hewa. Itundike nje, kwenye kamba, mahali penye upepo, mbali na jiko, mbali na taa ya moto, mbali na mlango wa jirani apikaye. Isikunjwe, isitiwe katika tenga pamoja na nguo nyingine, wala isifungwe katika mfuko wa plastiki na kuachwa ndani ya nyumba au ndani ya gari. Kwa kufanya hivyo huwa twauhifadhi mvuke badala ya kuufukuza. Nguo ya petroli iache kwa saa nyingi, na ikiwezekana siku nzima. Nguo ya dizeli nayo yafaa ipate hewa, lakini usitarajie kwamba hewa peke yake itaimaliza kazi.

Hatua ya tatu ni kunyonya mafuta yaliyobaki. Hapa watu wengi hukosea kwa haraka, maana huichukua nguo na kuitosa majini. Haraka haraka haina baraka. Bonyeza doa kwa matambara makavu, usisugue, maana kusugua hueneza. Kisha ilaze nguo mahali tambarare nje, unyunyize unga juu ya doa: unga wa mahindi au wa muhogo wafaa, na magadi ya kuokea mikate yafaa zaidi, kwa kuwa hupunguza na harufu. Uache unga huo kwa saa moja au zaidi, ndipo uukung'ute. Unga ule sasa una mafuta. Usiutupe jikoni, wala usiwape kuku. Yale matambara nayo yaanike nje hata yakauke kabisa kabla ya kuyatupa.

Hatua ya nne ni sabuni, nayo ndiyo kiini cha kazi. Yule mzee alisema sabuni ni msuluhishi, na elimu yasema vivyo hivyo kwa maneno mengine. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili: ncha moja hupenda maji, na ncha ya pili hupenda mafuta. Chembe nyingi zikikusanyika hulizunguka tone la mafuta, ncha za mafuta zikiwa ndani na ncha za maji zikiwa nje, na hapo tone lile huinuka kutoka katika uzi na kuchukuliwa na maji. Lakini ili zifanye hivyo, ni lazima sabuni ilifikie doa kabla ya maji kuizuia. Kwa hiyo mimina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyochanganywa na maji, juu ya doa kavu. Sabuni ya vyombo imetengenezwa mahsusi kwa kuondoa mafuta. Kama huna, kwangua sabuni ya kipande, uilainishe kwa maji kidogo sana hata iwe kama uji mzito, uipake. Sugua taratibu kwa vidole au kwa brashi laini, mbele na nyuma ya kitambaa, uiache nusu saa.

Hatua ya tano ni kuloweka. Jaza ndoo maji ya vuguvugu, uyeyushe ndani yake vijiko vitatu vya kulia vya magadi ya kufulia pamoja na sabuni ya unga, uitose nguo ile peke yake, uiache saa mbili au usiku kucha. Magadi hufanya kazi mbili. Kwanza husaidia kuyavunja mafuta. Pili huyalainisha maji ya chumvichumvi, yale ya visima vyetu vya pwani ambayo hula sabuni na kuacha utando mweupe. Magadi haya ni ya nyumbani kwetu: huchotwa katika Ziwa Magadi huko Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na Ziwa Natron lililo Tanzania nalo lina magadi tele. Magadi yanafaa kwa pamba, kama vile kaki, jinzi na marekani. Hariri na sufu huharibika. Tena hukausha mikono. Afuaye na avae glavu za mpira, au akimaliza ajipake mafuta ya nazi.

Hatua ya sita ni kufua na kusuuza. Mwaga maji ya kuloweka, ufue kwa sabuni mpya na maji ya moto kadiri kitambaa kiwezavyo kustahimili. Lakini sikilizeni vema: maji ya moto ni kwa nguo ambayo petroli yake imekwisha kuondoka kwa hewa. Ukiitia nguo mbichi ya petroli katika maji ya moto, waufukuza mvuke wote kwa mara moja usoni pako, na pengine kuelekea jiko lile lile lililochemsha maji. Kwa nguo ya dizeli iliyokwisha kunyonywa na kupakwa sabuni, maji ya moto ni rafiki mkubwa, maana dizeli nzito hulegea kwa joto. Suuza mara mbili au tatu. Katika maji ya mwisho waweza kutia kikombe kimoja cha siki nyeupe, nayo itaondoa mabaki ya sabuni na magadi na kupunguza harufu iliyosalia. Siki haiyeyushi dizeli, kwa hiyo isipewe sifa isiyo yake. Wala isichanganywe na magadi katika ndoo moja, maana kimoja ni kikali na cha pili ni cha kuzimua ukali. Vikikutana hutoa povu la kupendeza macho, kisha vyote viwili hulala visifanye kazi.

Hatua ya saba ni kuanika na kunusa. Anika juani penye upepo. Nguo ikiwa mbichi huificha harufu. Kwa hiyo hukumu itolewe ikiwa kavu. Ikiwa bado yanuka, rudia tangu sabuni. Nguo ya petroli mara nyingi hutakata kwa mara moja. Ya dizeli yaweza kudai mara mbili au tatu. Huo si uzembe wa mfuaji, bali ni tabia ya dizeli. Na nguo ambayo bado yanuka isipigwe pasi, wala isifukizwe, wala isitiwe katika mashine ya kukaushia kwa joto. Mashine hiyo hupuliza hewa ya moto katika chumba kilichofungwa, na mvuke wa mafuta humo ndani hutafuta cheche moja tu.

Wengine watatuuliza, mbona ovaroli ya pamba yatakata, na shati la poliesta lililomwagikiwa siku ile ile bado lanuka? Jibu ni hili. Pamba hupenda maji. Poliesta huyakataa maji na kuyapenda mafuta, kwa kuwa yenyewe imetengenezwa kutokana na mafuta ghafi. Ni kama ndugu aliyemrudia ndugu yake. Kwa hiyo, kwa mtu wa kazi hizi, kitambaa cha pamba ni bora mara mbili: hutakata upesi, na kikipatwa na moto hakiyeyuki na kuganda katika ngozi kama poliesta ifanyavyo.

Sasa twataka kuwaonya juu ya mambo manne ambayo watu huyafanya kwa nia njema.

La kwanza ni kutia manukato. Manukato, udi na maua ya asumini ni vitu vizuri, lakini juu ya mafuta havifanyi ila kulifunika kosa. Heri harufu mbaya inayokuonya kuliko harufu nzuri inayokudanganya.

La pili ni kutumia petroli kuondoa doa la grisi. Ni kweli kwamba petroli huyeyusha grisi. Hata madobi wa Ulaya katika karne ya 19 walisafisha nguo za thamani kwa petroli na vitu vya namna yake, bila maji. Lakini maduka yao yaliungua mara kwa mara, hata katika miaka ya 1920 huko Marekani wakatafuta dawa nzito zaidi isiyoshika moto upesi. Ikiwa wenye duka na vyombo vyao waliiacha, sisi wenye karai na kibaraza tuiache pia.

La tatu ni kutia dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Klorini haiondoi mafuta. Na mtu akiichanganya na siki, hutoka hewa ya sumu iumizayo mapafu. Vitu hivi viwili visikutane katika chombo kimoja kamwe.

La nne ni kumwaga maji ya kufulia karibu na kisima, au kufua mtoni. Mafuta kidogo sana huenea juu ya maji mengi, na ladha yake huyaharibu maji ya watu wengi. Dobi yule alikuwa akisema kwamba amfuliaye mumewe asiwanyweshe jirani zake.

Mabibi na mabwana, kinga ni bora kuliko tiba. Fundi na awe na nguo mbili: ya kazini na ya njiani, naye abadilishe kabla ya kurudi nyumbani kila iwezekanapo. Ajifunge aproni anapojaza tangi, atumie faneli badala ya kukadiria kwa macho. Asinyonye petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira, maana tone dogo likipotea njia na kuingia katika mapafu laweza kumlaza kitandani au kumwua. Na mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto huijua chupa, haujui ujanja wa watu wazima. Mtoto akinywa, asitapishwe, bali apelekwe hospitali mara moja.

Viatu na mikanda ya ngozi iliyolowa petroli ni mgonjwa mgumu. Hewa na magadi ya kuokea vyaweza kupunguza, lakini ngozi hunywa mafuta kuliko kitambaa, na pengine hapana budi kiatu kiachwe. Hilo halipendezi masikioni mwa mtu ambaye kiatu ni mshahara wa siku nyingi. Lakini mguu ni ghali zaidi.

Labda yuko anayefikiri kwamba twalikuza jambo. Na tukumbuke basi mambo yaliyotokea kwetu Afrika ya Mashariki. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan katika Kenya, na tena tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, katika Tanzania, magari ya mafuta yalipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, na moto ukawaka. Kila mahali walikufa watu zaidi ya 100. Hawakuwa wageni wa petroli watu wale. Wengi waliiona kila siku vituoni, wakaizoea, kama pua inavyozoea harufu. Mazoea ndiyo yaliyowaficha kwamba mvuke ulikuwa umekwisha kuwazunguka, na kwamba nguo walizovaa zilikuwa zimegeuka kuwa utambi. Mungu awarehemu.

Na mtu akipatwa na moto nguoni, asikimbie, maana kukimbia ni kuupepea. Aanguke chini na kujiviringisha, na aliye karibu amfunike kwa blanketi zito. Moto ukizimika, palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi, si barafu, kwa muda wa dakika 20, ndipo aende kwa daktari. Asipakwe dawa ya meno wala asali wala unga kabla ya hapo.

Yule mama wa kanzu alipona. Kanzu ilikatwa upindo ikawa ya mtoto wake mkubwa, naye aliivaa Idi iliyofuata. Tangu siku ile palikuwa na msumari mmoja nje ya ua ule, upande wa upepo, mbali na jiko. Fundi akirudi kutoka pwani alitundika nguo zake pale, akaoga, ndipo akaingia ndani na kuamkiwa na watoto wake. Hakuna aliyemlazimisha, aliutazama mkono wa mkewe, ikatosha. Nasi tukimpita jioni tukaziona nguo zile zikipepea juu ya msumari, tulijua kwamba mwenye nyumba yuko salama ndani.

Basi twawasihi kila mwenye kazi ya mafuta apigilie msumari wake leo. Haugharimu kitu. Kwaherini, na Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.